AFYA YETU: Bustani ya Mboga Huanza na Mbegu Nzuri

Somo letu la leo ni la afya, ingawa tutazungumza sana habari za jembe, matuta na mbegu. Usishangae. Afya ya watoto wetu haianzi zahanati. Huanza katika chungu cha jikoni, na chungu hujazwa na bustani. Na bustani nayo huanza na mbegu.

Mvua za vuli katika mkoa wa Pwani huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Mtu anayengoja mvua inyeshe ndipo atafute mbegu amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo tujifunze mapema: tupande mboga gani, mbegu nzuri tutaitambuaje, na tuioteshe namna gani.

Kwa nini tunahitaji mboga?

Sisi wa Marui, na wenzetu wa Kisarawe na Kibaha kwa jumla, tunakula sana muhogo, ugali na wali. Vyakula hivi vinatia nguvu, wala hatusemi viachwe. Lakini muhogo peke yake haujengi damu wala haulindi macho.

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kutoona vizuri wakati wa magharibi. Wenzake wanacheza, yeye anajikwaa na kupapasa ukuta. Asiposaidiwa, macho yake hukauka, na mwisho anaweza kuwa kipofu kabisa. Tena mtoto huyo akipatwa na surua au kuharisha, huzidiwa upesi kuliko mtoto mwenye vitamini A mwilini. Mama mjamzito naye asipopata madini ya chuma ya kutosha hupungukiwa damu, na siku ya kujifungua huwa katika hatari kubwa.

Majani ya kijani kibichi kama mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na majani ya maboga yana vitu hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku. Kaya ya watu wazima wanne ni zaidi ya kilo moja na nusu kila siku. Ukitaka kuzinunua zote sokoni, fedha haitoshi. Ukiwa na bustani nyuma ya nyumba, inawezekana.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Hapo Kibaha, kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, kiliunganisha shule, afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Walioanzisha kazi ile walijua kwamba shamba, darasa na zahanati haviachani.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano. Mama mmoja anataka kuanza bustani. Anakwenda mnadani, anakuta mbegu za mchicha zimemwagwa juu ya turubai, zimepigwa jua tangu asubuhi. Muuzaji anamsifia sana mbegu hizo, tena bei ni rahisi. Mama anafungiwa katika kipande cha karatasi. Anarudi nyumbani, analima matuta matatu, anaweka samadi, anapanda. Watoto wanabeba maji asubuhi na jioni. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya kumi yameota magugu tu.

Mama huyu amepoteza nini? Fedha ya mbegu ni kidogo. Amepoteza nguvu zake, maji ya watoto, na majuma mawili ya mvua ambayo hayarudi. Mwezi mzima nyumba yake itakula ugali kwa chumvi, au atanunua mboga kwa fedha ya daftari la mtoto. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, angeweza kujua mapema kwamba mbegu zile zimekufa? Angeweza. Tutaona.

Tuchague mboga gani?

Usianze na mboga inayokushinda. Anza na zile zinazokubali joto la Pwani na udongo wetu wa kichanga.

1. Mchicha. Huota kwa siku tatu hadi tano, na baada ya majuma matatu au manne unaweza kung'olewa na kuliwa.

2. Kunde. Unachuma majani machanga baada ya majuma machache, na baadaye unapata kunde zenyewe. Tena kunde huongeza rutuba katika udongo.

3. Bamia. Hustahimili joto. Huanza kuzaa baada ya miezi miwili hivi, na ukichuma mara kwa mara huendelea kuzaa.

4. Nyanya chungu na bilinganya. Hukawia kuanza, lakini mti mmoja huweza kulisha nyumba kwa miezi mingi.

5. Maboga. Majani ni mboga, na boga lenye nyama ya rangi ya chungwa lina vitamini A.

6. Matembele na viazi lishe. Hivi havipandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya mashina. Viazi lishe, vyenye rangi ya chungwa ndani, vinasaidia sana macho ya watoto.

Nyanya na kabichi hupendelea zaidi miezi ya baridi kidogo, kuanzia Juni hadi Agosti. Katika mvua nyingi za masika nyanya hushambuliwa sana na magonjwa ya ukungu. Mwanzoni usitegemee nyanya peke yake.

Namna ya kutambua mbegu nzuri

Ukinunua dukani, usione aibu kuuliza na kusoma. Tazama mambo haya:

(a) Pakiti iwe imefungwa vizuri, haikutoboka wala kulowa. 

(b) Iwe na jina la mboga na la aina yake, tarehe, na lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI. Taasisi hii inafanya kazi chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003.

(c) Tarehe ya mwisho wa matumizi isiwe imepita. Mbegu za vitunguu hufa mapema kuliko za nyanya au bilinganya. Usinunue za mwaka wa juzi.

(d) Duka liwe na kivuli na hewa. Mbegu iliyokaa kwenye jua dirishani imekwisha kudhoofika, hata kama pakiti inang'aa.

Uliza pia kama mbegu ni chotara au ni ya kawaida. Mbegu chotara huzaa sana, lakini ukizitunza mbegu zake na kuzipanda tena, mimea inayotoka haifanani na mama yake. Ukipanda chotara, hapana budi ununue tena kila msimu. Mbegu ya kawaida unaweza kuitunza mwenyewe mwaka hata mwaka. Kwa mfano, nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa hapa Tanzania, ni mbegu za kawaida.

HADHARI KUBWA! Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Kwa kawaida hutiwa rangi, kama nyekundu, buluu au kijani, ili watu wajue. Hiyo ni sumu. Usipike mbegu hizo hata kama njaa imebisha hodi, na hata ukiziosha. Usiwape kuku. Usizishike kisha ukala kabla ya kunawa kwa sabuni. Kopo lake lisitumiwe kunywea maji. Weka mbegu mahali ambapo mtoto hafiki. Kama mtu amezila, mpeleke zahanati mara moja, na uchukue pakiti yake ili mganga aione.

Pima mbegu kabla ya kupanda

Sasa turudi kwa yule mama wa mnadani. Kipimo chenyewe hiki hapa; hakihitaji fedha.

Hesabu mbegu kumi. Chukua kitambaa safi, kiloweshe na kukikamua kidogo. Panga mbegu juu yake, kikunje, ukiweke katika sahani mahali penye kivuli. Kila siku nyunyiza maji kidogo. Kisikauke wala kisiogelee. Mchicha na kunde utazame baada ya siku tano. Bamia, nyanya, nyanya chungu na bilinganya ungoje siku kumi mpaka kumi na nne.

Kisha hesabu zilizoota. Zikiota nane au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota tano au sita, panda mbegu mara mbili ya kawaida. Zikiota mbili au tatu, usipoteze jasho lako, tafuta nyingine. Kama mbegu ni ndogo na unazo nyingi, pima ishirini au hata mia, maana hesabu kubwa ina ukweli zaidi.

Yule mama angefanya hivi, angejua ndani ya siku tano tu, kabla ya kulima wala kubeba maji.

Kuotesha katika kitalu

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili huanzia kitaluni, kisha miche huhamishwa. Fanya hivi:

1. Chagua mahali karibu na maji, ambapo msimu uliopita hapakuwa na nyanya, bilinganya wala pilipili. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, na magonjwa yake hubaki udongoni.

2. Lima tuta lenye upana wa mita moja, ili ufikie katikati bila kukanyaga. Wakati wa mvua liinue tuta ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi lifanye lizame kidogo ili lihifadhi maji.

3. Choma majani makavu juu ya tuta ili kuua wadudu na vijidudu vya magonjwa. Udongo ukishapoa, changanya samadi iliyooza vizuri, kama debe moja kwa kila hatua moja ya tuta. Samadi mbichi huunguza miche, tena huleta vijidudu vya kuharisha.

4. Chora mistari midogo, upana wa vidole vinne au zaidi kati ya mstari na mstari. Sia mbegu mbali mbali. Miche ikisongamana hupatwa na kinyausi: shina huoza karibu na ardhi, mche ukaanguka.

5. Funika kwa udongo laini. Kanuni ni hii: mbegu ifukiwe kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Mbegu ya nyanya ikifukiwa kina cha kidole kizima, itakufa kabla ya kuona jua.

6. Tandaza nyasi kavu na umwagilie kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Mbegu zikianza kuchomoza ondoa nyasi siku hiyo hiyo, jioni. Tengeneza chanja chepesi cha makuti kwa ajili ya kivuli.

7. Juma moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na punguza kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee taabu ya shambani. Miche ya nyanya huwa tayari baada ya majuma matatu mpaka manne. Ya nyanya chungu na bilinganya baada ya majuma manne mpaka sita. Hamisha jioni, pamoja na udongo wa mizizi, kisha mwagilia.

Mboga za kupanda moja kwa moja

Mchicha, kunde, bamia na maboga hupandwa pale pale zitakapokulia. Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, fungu moja la mbegu kwa mafungu matatu au manne ya mchanga, ndipo usie katika mistari iliyoachana shubiri moja. Bamia ziloweke usiku mmoja, kisha panda mbegu mbili katika kila shimo. Zikiota, bakiza mche wenye nguvu.

Wengi wetu hupanda mchicha wote siku moja. Matokeo yake tunakula mchicha mpaka unatuchosha, unakomaa na kutupwa, halafu mwezi mzima hakuna kitu. Afadhali kupanda kwa zamu. Tengeneza matuta manne madogo. Juma la kwanza panda tuta la kwanza, juma la pili tuta la pili, vivyo hivyo mpaka la nne. Juma la tano, tuta la kwanza linavunwa, linatiwa samadi na kupandwa upya. Hivyo kila juma kuna tuta la kuvuna. Haba na haba hujaza kibaba.

Maji na usafi

Udongo wa kichanga haushiki maji. Ongeza samadi na mboji, na tandaza nyasi kati ya mistari. Maji yaliyooshea mboga na mchele yapelekwe bustanini. Lakini usimwagilie maji yaliyochanganyika na uchafu wa choo. Yataleta kuhara na minyoo. Funika mapipa na madebe ya maji, mbu wasizaane humo. Ukipulizia dawa ya wadudu, fuata maandishi ya chupa kuhusu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usihesabu kwa kukisia.

Tunza mbegu zako mwenyewe

Chagua mmea wa mbegu mapema, ungali shambani. Ufunge kitambaa ili mtu asiuchume. Chagua ulio na nguvu, usio na ugonjwa, unaozaa vizuri. Wengine hula matunda mazuri, wakatoa mbegu kwenye matunda yaliyobaki mwisho. Hao huchagua unyonge wa mwaka ujao.

Mchicha na bamia viache vikauke kwenye mti, kisha pukuchua na upepete. Nyanya iliyoiva sana ikamue katika kikombe, iache siku mbili au tatu mpaka utando wa mbegu uachie, osha, kisha anika kivulini penye upepo. Usianike juu ya bati la moto.

Adui mkubwa wa mbegu hapa Pwani ni unyevu wa hewa. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo zikaushe vizuri, uzitie katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, pamoja na jivu kavu lililopoa. Andika jina na tarehe. Weka mahali penye ubaridi na giza, si juu ya mafiga.

Kutoka bustanini mpaka sahanini

Mboga ikipikwa vibaya, kazi yote imepotea. Osha majani kabla ya kukata, si baada ya kukata. Pika kwa muda mfupi, maji yake usimwage. Tia tui la nazi au mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Kamulia ndimu au kula chungwa, maana husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ingoje, ukinywa pamoja na chakula huzuia madini hayo.

Kisamvu ni tofauti. Kina sumu kikiwa kibichi, kwa hiyo kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Mtoto akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, apondewe mboga laini katika chakula chake. Na bustani isikufanye uache kliniki. Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mara mbili kwa mwaka. Mpeleke mtoto. Ukimwona anajikwaa magharibi, usingoje mchicha uote. Mpeleke zahanati siku hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, ni siku ngapi za juma lililopita mlikula mboga za majani?
2. Mbegu kumi zikipimwa na kuota tano tu, utafanya nini?
3. Kwa nini mbegu yenye rangi ya dawa isipikwe hata ikioshwa?
4. Nani katika kijiji chetu anatunza mbegu za asili, nasi tunaweza kubadilishana naye nini?
5. Nyumbani kwako nani hubeba maji ya bustani? Je, kazi hiyo imegawanywa kwa haki kati ya baba, mama na watoto?

Kazi ya kutenda

Leo jioni, chukua mbegu ulizo nazo nyumbani, hesabu kumi, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku chache utajua kama una mbegu au una vumbi. Mwonyeshe na jirani yako.

Ndugu msomaji, kusoma bila kutenda ni kama kulima bila kupanda. Tukutane katika somo lijalo.